Jiwe la Jirani

Juzi nilishuka treni St Marys, huku ughaibuni, nikapita mtaa wetu wa zamani. Nyumba ya jirani imevunjwa, wamebandika mpya mbili. Mimi nikaanza kutafuta jiwe lake lilipokuwa limesimama.

Wewe unakumbuka lokdauni, si ndiyo? Shule ndani ya simu, sombe, kisamvu chetu, inanukia mpaka chooni, helikopta ya polisi juu inatuchunga kama mbuzi. Mama alikuwa anatunza wazee kazini, korona ikamlaza hospitali. Tukabaki na Koko, nyanya yetu, na macho ya Koko yakabaki uani kwa jirani.

Jirani alikuwa mzee wa kisiwa cha Java. Kila asubuhi anatoka na maji na brashi laini, anachuchumaa mbele ya jiwe refu lililojaa maandishi, analisugua ukungu taratibu huku ananong'ona.

"Mutu wa akili anaogesha jiwe?" Koko akauliza. "Ile uchawi njo inakamata mama yenu."

Nikasema labda linanuka. Nikala kofi.

Basi siku moja mzee kaingia ndani, Koko akapanda juu ya ndoo, akalimwagia jiwe mafuta ya upako kutoka juu ya uzio, anakemea kwa jina la Yesu. Mzee akatoka, akashika kichwa.

Akaeleza kwa Kiingereza, mimi nikamtafsiria Koko. Kwao alikuwa anatunza mahekalu ya kale ya Kibudha. Jiwe halipakwi mafuta, alisema. Yanazama ndani, yanavuta uchafu, herufi zinakufa. Na hili baba yake alilichonga mwenyewe, akinakili jiwe la mfalme wa zamani lenye amri: wanakijiji wasilipe kodi, ila walitunze hekalu.

"Na maandishi ya pale chini?" Koko akauliza.

Laana, mzee akasema: atakayeharibu aliwe na mamba, apigwe na radi.

"Niliwaambia!" Koko akapiga makofi. Halafu mikono ikabaki hewani. Alikumbuka nani ameharibu.

Tangu siku ile Koko alikanda udongo kama wa kukandika nyumba kule kwetu Uvira, anampitishia mzee juu ya uzio, kila mtu na barakoa yake. Mzee anaupaka kwenye jiwe, unanyonya mafuta. Mama aliporudi mzima, Koko akasema kilichomponya ni upako. Mzee akasema ni udongo. Mimi nikasema ni manesi. Kofi.

Mzee alihamia kwa binti yake na jiwe lake. Koko alifariki usingizini, hakuna mamba, hakuna radi. Pale uani sasa ni zege. Nikachuchumaa nitafute hata doa la mafuta. Wapi.

Mama mmoja dirishani akasogeza pazia, akanikazia macho yaleyale ya Koko.