Majaruba Saba ya Marehemu Mmoja

Namtanguliza kwa shukrani Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha Adamu majina ya vitu vyote. Amenipa umri wa kuona mengi, na moja nililiona kwenye ghala letu hapa Kilangali, msimu wa mpunga uliopita.

Binti wa marehemu kaka yangu anatengeneza programu za kompyuta Morogoro. Kikundi chetu cha wakulima wa mbegu kilimwomba programu ya kusajili mashamba, maana mkaguzi wa mbegu alikuwa anakuja Alhamisi, na shamba lisilosajiliwa halikaguliwi. Mpunga wake huishia kuuzwa wa kula. Jirani yangu mmoja, mjane, alikuwa na jaruba moja tu, kipande cha mpunga kilichozungushiwa matuta, na alishang'oa kwa mkono kila shina geni lililoota humo, mbegu isichanganyike.

Binti alifika Jumanne na kishikwambi. Alinieleza kwamba yeye na wenzake walibishana sana juu ya sura ya programu hiyo. Taarifa zilikuwa nyingi: aina ya mbegu, siku ya kupanda, umbali kutoka kwa jirani. Wakaamua ziwe fomu, ukurasa baada ya ukurasa, zikianza na jina la shamba. Niliona ni sawa. Nimefundisha madrasa miaka mingi, napenda kitu chenye mpangilio.

Kufika adhuhuri, watu saba wa mfereji wa tatu walikuwa wamejaza. Kwenye kioo likaonekana shamba moja.

Kwetu shamba huitwa kwa jina la aliyelifyeka pori kwanza, hata kama alishakufa. Mfereji ule wote ulifyekwa na mtu mmoja, baba mkwe wa yule mjane. Wote saba walitaja jina lake, na programu ikadhani ni shamba moja linalosahihishwa. Ikabakiza la aliyejaza mwisho, shemeji wa yule mjane.

Mjane alichungulia. "Kwa hiyo mkwe wangu ndiye anatulimia wote? Na alivyokuwa mvivu!"

Watu walicheka. Binti hakucheka. "Mama, shamba lako unalijuaje?"

"Nalijua kwa kwenda, mwanangu."

Akachukua mpini wa jembe, akachora mfereji mavumbini tangu lango la maji, na majaruba yake pembeni, moja moja. Binti alichuchumaa akatazama. Kisha akaniambia, "Baba mdogo, tulianzia pasipofaa."

Siku mbili alifanya kazi barazani kwangu. Alhamisi asubuhi programu ilifunguka kwa mchoro wa mifereji na majaruba, kila moja na jina la anayelilima. Fomu zilikuwepo bado, ila nyuma ya mchoro. Ukigusa jaruba, ndipo zake zinafunguka.

Mjane, anayesoma kwa taabu, aliweka kidole kwenye lango la maji, akakitembeza taratibu. "Shemeji. Wifi. Mimi." Jaruba lake likafunguka.

Nilisema subhanallah, mwili ukanisisimka. Njia aliyoipita kwa miguu miaka yote ilikuwa imeingia kwenye kioo kisichozidi daftari, na kidole chake hakikupotea. Ni Mungu gani huyu, anayeweka elimu hata katika nyayo!

Mkaguzi alifuata mchoro uleule, akapita majaruba yote saba. La mjane alilipitisha kuwa mbegu. Mjane alirudi ghalani na tope hadi magotini, akainama akaligusa jina lake, jina lake mwenyewe, pale kwenye mchoro.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie mtu wa kukuuliza njia unayoijua, na akupe subira ya kumwonyesha.