Kiwiko cha Kushoto

Wapenda pikipiki wakikutana kubadilishana vyombo, yule mama fundi cherehani hamnyimi mtu pikipiki yake yenye kigari cha ubavuni, upande wa kushoto. Anakabidhi ufunguo, kisha anaketi kigarini, mikono mapajani, kama mgeni anayesubiri chai. Siku hiyo zamu ilikuwa ya kinyozi, ambaye tangu asubuhi alijiuliza fundi mzima anavaaje koti lenye viraka vinne, vyote kwenye kiwiko cha kushoto. Kona ya kushoto akaikata kwa pupa, gurudumu la kigari likanyanyuka hewani. Mama akajimwaga nje kiwiliwili kizima kukilemea kigari, kiwiko kikakwaruza lami, gurudumu likatua. Kinyozi akamgeukia.

“Mama, nisamehe! Nimekuchania koti!”

“Basi kiraka cha tano ni chako, mwanangu. Tazama mbele, kona nyingine ile.”