Chai kwa Watu wa Paa

Desmond Pask aliwapikia wezi chai. Hilo ndilo watu wa Aldersby wanalomkumbukia, na naanza nalo mimi mwenyewe ili niliondoe njiani, maana wengine hulisema huku wanacheka. Alipika birika mbili. Akawatolea na biskuti za tangawizi kwenye sahani ya maua ya marehemu mkewe, sahani ambayo mimi, jirani yake wa miaka thelathini na moja, sijawahi kuandaliwa hata siku moja.

Miaka thelathini na moja, na bado naitwa mgeni. Ndivyo kijiji chetu kilivyo. Nyumba arobaini, baa iliyofungwa, sanduku la posta, na kanisa la Mtakatifu Oswald ambalo lina miaka mia saba. Ufunguo wa kanisa ulikaa kwa akina Pask tangu enzi za babu yake. Desmond alikuwa fundi wa matrekta, mtu wa mikono myeusi na maneno machache, lakini kila asubuhi saa mbili alivuka barabara na mbwa wake, akafungua ule mlango, na jioni akaufunga. Mchana kutwa ulikuwa wazi, awepo mtu asiwepo. Ukimwuliza kama haogopi wezi, anakutazama kana kwamba umemtukania mama yake.

Yeye ndiye aliyekuwa mpiga kengele pia. Kwetu mtu akifa, kengele kubwa hugongwa mara moja kwa kila mwaka aliouishi. Watu husimama majikoni na bustanini wakahesabu, na kengele ikinyamaza wanajua ni nani. Avril, mkewe, alipofariki, Desmond aligonga mwenyewe, sabini na moja, akakataa kupokewa kamba. Nilikuwa namenya viazi. Nilihesabu zote huku machozi yananidondokea kwenye maganda.

Wiki ile ile alinipandisha mnarani.

"Thelma, nimemwahidi Avril kitu kimoja. Nitatolewa kwa mlango uleule aliotolewa yeye, na kengele ileile. Sitaki kingine hapa duniani."

"Na nani atakugongea, wewe mgongaji ukiwa ndani ya sanduku?"

"Wewe. Una mikono kama ya mchinja nyama."

"Mshenzi mkubwa wewe!"

"Shika kamba. Usiivute kwa hasira, iache ipande yenyewe. Na usikosee hesabu, nakujua mimi, hata mayai unayahesabu mara mbili."

Nilijifunza. Ilinichukua majira ya joto mazima na malengelenge viganja vyote viwili. Nikamwahidi kama yeye alivyomwahidi Avril.

Halafu ikaja Jumanne ile ya mwezi wa Mei, saa nne asubuhi, jua linawaka. Gari jeupe likasimama mbele ya kanisa, wakashuka wanaume watatu wenye kofia ngumu na vizibao vya njano vya kung'aa. Mkubwa wao alikuwa kijana mnene wa ndevu nyekundu. Desmond alikuwa anapalilia kaburi la Avril.

"Habari za asubuhi, mzee. Tumekuja kwa ajili ya paa."

"Aa, karibuni. Kasisi alisema mtakuja kuangalia mifereji."

"Enhe, hiyohiyo mifereji. Mvua za mwaka huu hazikuwa na adabu."

"Hazikuwa kabisa. Chai mnakunywa?"

Basi. Mahojiano yaliishia hapo. Huku kwetu mtu wa kizibao cha njano haulizwi kitu. Kumwomba karatasi ni kumwambia usoni kwamba ni mwongo, na mtu wa Aldersby ni afadhali aibiwe kuliko aonekane hana adabu. Desmond akawashikia ngazi. Wale wakapanda, wakaanza kung'oa paa, ambalo lilikuwa la risasi, yale madini laini mazito yanayouzwa kwa kilo, wakayakunja makunjo makunjo na kuyatupia garini.

"Haya ya zamani mnayapeleka wapi?" Desmond akauliza.

"Tunabadilisha, mzee. Mapya yanakuja kesho. Wajukuu zako watakufa wayaache."

"Sina wajukuu."

"Basi wa jirani," akasema yule kijana, wakacheka wote wanne.

Na mimi je? Nitasema, nimechoka kulibeba. Walitaka umeme wa msumeno wao. Yule wa ndevu akaja mlangoni kwangu, kofia mkononi. "Samahani mama, huna waya mrefu wa umeme?" Nikampa. Nikampa na kipande cha keki ya zabibu, cha pembeni, kile kizuri. Saa tisa alinirudishia waya umekunjwa vizuri kuliko nilivyompa, na vikombe vya Desmond vimeoshwa na kupangwa ukutani. Nikasema moyoni, angalia vijana wenye malezi.

Alhamisi ikanyesha. Kasisi Hilary, maskini, ana makanisa saba ya kuyakimbilia, na alikuja kwetu siku ile kwa bahati tu. Akatukuta tumesimama ndani, maji yanamiminika kwenye viti.

"Desmond, nini hiki?"

"Mafundi hawajarudi. Wale uliowatuma."

"Mafundi gani? Wa mifereji ni wa mwezi ujao, sikumtuma mtu mimi."

Desmond alikaa kwenye kiti kilicholowa, palepale kwenye maji, na nikaona masikio yake yamekuwa mekundu kama ya mtoto aliyepigwa mbele ya darasa.

Polisi hawakuja. Walimpigia Desmond simu, naye akaiweka sauti juu pale jikoni kwake ili nami nisikie. Binti wa watu aliyeongea alikuwa mpole.

"Unaweza kuwaeleza walivyo, Bwana Pask?"

"Vizuri sana. Wa ndevu anaweka sukari vijiko vitatu. Mwembamba hanywi na maziwa. Wa tatu hapendi tangawizi."

"Namba ya gari uliichukua?"

"Ningeandikaje namba ya gari ya mtu huku nimemshikia ngazi?"

"Na palikuwa na mtu mwingine aliyewaona? Aliyewasaidia?"

Desmond akaniangalia. Waya wangu ulikuwa kabatini, hatua ishirini kutoka pale. Ningeweza kufungua mdomo. Nikaangalia meza.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa peke yangu."

Siku ya nne ikaja barua yenye namba ndefu. Faili limefungwa, hakuna njia ya kuendelea na uchunguzi. Watu wa bima wakalipa kipande tu, kwa sababu paa halikuwa na king'ora. Nani anaweka king'ora juu ya paa, jamani? Tukafunika turubai la bluu, na upepo wa kwetu, unaotoka baharini bila kuzuiwa na kitu, ukalipasua kabla ya Novemba.

Laiti wangemtukana. Hakuna aliyemtukana. Walimwambia, "Pole Desmond, ingempata yeyote," kisha wakavuka upande wa pili wa barabara. Rosalind Fitch, mwenyekiti wa kijiji, akafungua kikundi cha simu cha ulinzi, na kuanzia hapo kila gari jeupe likapigwa picha. Mleta barua, ambaye tunamjua tangu akiwa na nywele, aliripotiwa mara tatu. Desmond akaanza kufunga mlango wa kanisa mchana. Mama mmoja alikuja na maua ya kaburi la mumewe, na Desmond, yule Desmond, akamwuliza jina na alikotoka. Nilimsikia na nilitaka kulia.

Nilimwambia, "Mlango huo baba yako hakuufunga mchana hata wakati wa vita."

"Baba yangu hakuwashikia ngazi."

Baridi mbili zikapita. Plasta ikaanguka, kinanda kikavimba kikafa, uyoga ukaota chini ya mimbari. Tuliuza keki, tuliuza jamu, tukakimbia mbio za magunia na magoti yetu ya kizee, na tulichopata hakikutosha hata kununua kona moja ya lile paa. Desmond alimwandikia askofu barua kumi na moja kwa mkono. Jibu likaja limechapwa: kanisa litafungwa rasmi na vitu vyake vitagawiwa makanisa mengine. Viti, meza ya Bwana, kengele.

Aliisoma amesimama. Akaniambia, "Thelma, nina miaka sabini na tisa. Unadhani nikijitahidi naweza kufa kabla hawajaja?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu."

Mwezi wa Oktoba polisi wakaitisha mkutano kwenye ukumbi wa kijiji. Alikuja sajini, dada mwenye viatu vizuri, na picha za ukutani zenye nguzo za rangi. Kila kijiji na nguzo yake ya uhalifu. Vingine nguzo fupi, vingine ndefu. Penye jina la Aldersby hapakuwa na nguzo kabisa.

"Sifuri," akasema sajini akitabasamu. "Mwaka mzima, hata tukio moja. Ninyi ndio salama kuliko wote wilayani. Hongereni sana."

Watu wakapiga makofi. Rosalind alipiga mpaka bangili zikalia. Desmond akanyoosha mkono kama mtoto wa shule, akaendelea kuunyoosha mpaka kukawa kimya.

"Lile la kanisa mmeliweka wapi?"

"Lile ni la mwaka juzi, Bwana Pask. Kwenye hesabu hii halimo."

"Mliwakamata?"

"Faili lilifungwa."

"Kwa hiyo limeisha."

"Kwa upande wetu, ndiyo. Limeisha."

"Tushukuru kwa hiki tulichonacho," Rosalind akadakia, akarudia kupiga makofi, na watu wakamfuata, maana kupiga makofi ni rahisi kuliko kumwangalia Desmond.

Tulirudi nyumbani pamoja kwa miguu. Turubai lilikuwa linapigapiga kule juu.

"Tuko salama, Thelma."

"Tuko salama." Kisha nikasema, "Desmond, kuhusu ule waya wangu."

"Waya gani?" akasema, akaenda kufungua geti lake.

Nusura nimkimbilie nimpige. Mtu anakubebea mzigo wako miaka miwili, anakukatalia hata nafasi ya kuupokea. Nilirudi kwangu, nikautoa ule waya kabatini, nikautupa kwenye pipa la taka, kisha nikaona aibu nikautoa tena.

Walikuja Machi, Jumatatu, saa tatu asubuhi. Gari jeupe. Kofia ngumu, vizibao vya njano. Watu wanne na ngazi na minyororo. Niliona pazia la Desmond linatikisika, akatoka na ndala za ndani, shati halijafungwa vifungo vyote. Nikamfuata mbio.

"Karatasi," akamwambia mkubwa wao, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya taratibu. "Nataka kuona karatasi."

"Una haki, mzee. Hizi hapa."

Alizisoma mstari kwa mstari. Mhuri wa askofu ulikuwepo. "Mtu anaweza kutengeneza mhuri," akasema. "Nitapiga simu. Msiondoke."

"Hatuendi popote."

Akarudi ndani kupiga simu ofisini kwa askofu. Wakamwekea muziki. Nilikaa naye pale jikoni, muziki unacheza, sauti inasema simu yako ni muhimu kwetu, muziki tena. Nikamwambia, "Desmond, achana nao, ni wa kweli." Akanyoosha kidole ninyamaze. Safari hii alikuwa anafanya kila kitu kama kinavyotakiwa kufanywa. Saa nzima kasoro dakika chache, ndipo mtu akapokea. Ndiyo, bwana. Ni watu wetu. Wote wanne.

Akaweka simu chini, akafunga vifungo vya shati, akachana nywele kwa maji ya bombani. Tukavuka barabara.

"Ni ninyi kweli," akamwambia yule mkubwa. "Samahani kwa usumbufu."

"Hakuna usumbufu, mzee. Ungekuwa baba yangu ningefurahi ufanye hivyo."

"Nina ombi. Kabla hamjaishusha ile kengele kubwa. Nina miaka sabini na tisa. Huyu mama anajua kuvuta kamba, nilimfundisha mwenyewe. Mwacheni anigongee sabini na tisa. Sasa hivi, nikiwa nasikia. Haichukui hata robo saa."

Nilikuwa nimeshavua koti. Nilikuwa tayari kuwahesabia kila moja kwa sauti, Rosalind na kikundi chake chote wasikie.

Yule mtu akavua kofia. Nilijua kabla hajasema, kwa jinsi alivyoivua.

"Ulimi wake tumeshautoa, mzee, tuliingia kwa ufunguo wa kasisi. Ndiyo kazi ya kwanza, huwezi kushusha kengele na ulimi ndani. Uko kule garini, umefungwa kwenye mbao. Ungekuja nusu saa iliyopita..."

Bila kile chuma kinachogonga ndani, kengele ni bubu. Desmond akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayeelezwa njia. Aliutazama mnara, akalitazama kaburi la Avril, akatazama ndala zake.

"Basi," akasema. "Chai mnakunywa?"

"Tukipata tutashukuru."

"Thelma, lete ile sahani ya maua. Iko juu ya kabati."

Nikaileta. Akawamiminia mmoja mmoja, akiuliza sukari vijiko vingapi. Mkubwa wao akasema viwili, Desmond akatia viwili, kimoja kikamwagika. Nami nilisimama pale nimeshika sahani ya biskuti, na mikono yangu ya mchinja nyama haikuwa na kamba ya kuvuta.