Rilei za Malori ya Kambini

Kambini hakuna aliyejua jina lake halisi. Alikuwa Waya, basi, kwa sababu kazi yake ilikuwa umeme wa malori, na mwenyewe alikuwa mwembamba hivyo hivyo. Hakuwa askari. Alikuwa raia mwenye ovaroli, anaingia getini asubuhi na kontena la chakula, anatoka jioni na harufu ya dizeli ambayo mkewe alishachoka kuilalamikia.

Mambo yalianza na matofali. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa koplo na dereva hapo hapo kambini. Jumamosi moja alichepuka na lori la jeshi, akambebea mama yake matofali ya kujengea chumba. Meja, mkuu wa karakana, akamdaka anarudi, nyuma ya lori vumbi jekundu tupu. Waya alikuwepo, amelala chini ya gari jingine, miguu tu inaonekana.

"Koplo, hili lori la babu yako?"

"Nisamehe, afande. Ni mama tu."

"Mama yako ana kikosi?"

Meja hakutaka kesi. Kesi ingepanda juu, naye angeulizwa alikuwa wapi. Akagonga soli ya kiatu cha Waya kwa ncha ya buti. "Wewe, toka huko. Kuanzia leo, ukiondoka jioni, malori yasiwake mpaka urudi. Utajua mwenyewe utafanyaje."

Waya akajua. Kila lori lilikuwa na kidude cheusi, kidogo kama kiberiti, kinaitwa rilei. Kikitolewa, dizeli haifiki kwenye injini, hata usukume mpaka kesho. Jioni alizichomoa zote, asubuhi akazirudisha. Kufuli la stoo lilikuwa bovu, kwa hiyo akawa anaondoka nazo nyumbani ndani ya kopo la maziwa.

"Shemeji," Koplo alimtania, "wewe unalala na jeshi zima uvunguni!"

Wakacheka. Meja naye aliwahi kuliona kopo, akacheka.

Halafu ikaja Jumapili ambayo mpakani kulichafuka. Askari walipanda malori na silaha zao, madereva wakawasha, kimya. Wakawasha tena. Wakafungua boneti, wakatukanana. Wakati huo Waya alikuwa juu ya paa kwa mama mkwe, anapigilia bati la chumba kile kile cha matofali. Simu aliiacha nyumbani inachaji.

Aliporudi alikuta wanaume wawili wamekaa sebuleni, mkewe amesimama.

"Rilei za malori unajua ziko wapi?"

"Ah, hizo! Si mngesema?" Akainama uvunguni, akatoa kopo, akawakabidhi kwa mikono miwili, huku akitabasamu kama mtu aliyeokota cha mwenzake. Mkewe ndiye aliyeziona pingu kwanza.

Kituo cha mpakani kilichomwa moto kabla msaada haujafika, na walinzi wake walizikwa wiki hiyo. Waya aliambiwa habari hiyo mahabusu, na usiku ule hakugusa chakula.

Shtaka lilikuwa hujuma dhidi ya ulinzi wa taifa. Mwendesha mashtaka aliliweka wazi: sheria haimuulizi mtu kama aliipenda nchi au aliichukia. Inauliza kama chombo cha ulinzi kilizuiwa, na nani alikizuia bila amri. Kwa hiyo maisha ya Waya yalibaki kwenye neno moja, amri.

Meja alisimama kizimbani, amenyooka. "Amri ya namna hiyo sijawahi kutoa, mheshimiwa. Ningekuwa na akili gani?"

Akabaki Koplo. Yeye peke yake ndiye aliyesikia. Lakini akisema alisikia, ataulizwa kisa cha amri, na kisa kilikuwa yeye, lori la jeshi na matofali. Sheria ile ile ingempitia naye.

Mke wa Waya alikwenda kumbembeleza ndugu yake. Alirudi mahabusu na jibu. "Amesema atasema."

"Amesema hivyo?"

"Amelia, halafu akasema."

Siku ya ushahidi Koplo aliingia na magwanda yaliyopigwa pasi. Hakumtazama dada yake.

"Ulisikia Meja akimpa mshtakiwa amri yoyote?"

"Sikumbuki, mheshimiwa."

"Hukumbuki au hukusikia?"

"Sikusikia."

Wakili aliyepangiwa Waya hakufika siku hiyo. Jaji akamwambia kama ana swali kwa shahidi aulize. Swali alikuwa nalo, limemkaa ulimini. Na matofali je, shemeji? Maneno machache tu. Akageuka akamtazama mkewe kwenye benchi. Mkewe ameinamisha kichwa, vidole vinasokota pindo la mtandio. Hakumpa ishara ya ndiyo wala ya hapana.

"Shemeji," Waya alisema, "mama hajambo?"

Watu wakaguna.

"Mshtakiwa, uliza linalohusu kesi," jaji akasema.

"Basi sina, mheshimiwa."

Hukumu ilisomwa kabla ya mchana. Miaka ishirini. Jaji alisema mahakama imeona hakuna ushahidi kwamba alitumwa na adui, na ndiyo maana si zaidi.

Kwenye ujia, wakimpeleka kwenye gari la magereza, mkewe alipenya kati ya askari akamshika mkono.

"Kwa nini hukumuuliza? Mume wangu, kwa nini?"

"Ningemuuliza, ungekuwa unatutembelea gerezani mimi na yeye."

"Ningewatembelea!" Akapiga kelele mpaka watu wakageuka. "Nani alikwambia nisingeweza? Ulinipa nafasi ya kusema?"

Muda wote Waya aliamini amemchagulia lililo jepesi. Askari akamsukuma taratibu begani, akapanda, mlango ukafungwa kwa nje.