Mtu Asiyetaka Gari Nyuma Yake

Methusela Mligo, muuza maziwa wa Makambako, hakumwamini mtu, wala hakuona sababu ya kulificha jambo hilo. Akinunua maziwa kwa wafugaji asubuhi, alitumbukiza kipimo ndooni mbele ya mwenye ng'ombe, akakisoma, akakifuta, akakitumbukiza tena, kana kwamba maji yalijificha mara ya kwanza na huenda yakajisahau mara ya pili. Kanisani alikaa benchi la mwisho, mgongo ukutani, jicho kwenye baiskeli yake mlangoni. Waliomwuliza kwa nini asisogee mbele kwa wenzake aliwajibu kwamba Mungu anamwona hata pale alipo, ila na wezi wa baiskeli nao wana macho. Nyumbani, mkewe Elina alikwisha kuzoea maswali yake: nani kapita hapa, alitaka nini, na mbona hakusubiri. "Kikulacho ki nguoni mwako," Methusela alipenda kusema. Elina alimjibu kwamba kama ndivyo, basi bora atembee uchi tujue moja.

Tusimcheke sana lakini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Methusela aliumwa mapema. Alikulia Kifanya, na kaka yake Ambrose alikuwa akipeleka mkaa Njombe mjini kwa baiskeli. Asubuhi moja ya ukungu, ule ukungu wa huku ambao ng'ombe unamsikia kabla hujamwona, gari lilimgonga Ambrose kwa nyuma likapita. Wanawake waliokuwa wakienda shambani ndio waliomkuta kando ya barabara, magunia yamepasuka, mkaa umetapakaa kwenye lami, naye hana uhai. Gari lenyewe halijajulikana mpaka leo. Kwa muda mrefu baada ya mazishi Methusela alikuwa haoni gari limeegeshwa bila kulizunguka na kuangalia bampa la mbele kama lina mkwaruzo. Wenye magari walimwuliza anatafuta nini, naye aliwatazama usoni akahamia gari jingine.

Mwishowe akahama. Angalau angehamia porini. Yeye akaja Makambako, mahali ambapo malori ya Tunduma, mabasi ya Songea na kila chenye tairi nchini hukutana na kupigiana honi. Aliruka majivu akakanyaga moto.

Basi akajitungia sheria. Shuleni, zamani, mwalimu aliwafundisha kwamba mwenda kwa miguu apite upande wa kulia wa barabara, ili ayaone magari yanayomjia. Wenzake walilisahau somo hilo siku mtihani ulipokwisha. Methusela alilitunza kama sahani za wageni, na alipopata baiskeli akaiingiza nayo kwenye somo hilo hilo. Baiskeli, alisema, ni miguu iliyoongezewa mwendo tu. Kwa hiyo aliendesha upande wa kulia wa barabara kuu, madumu ya maziwa yakining'inia huku na huku kwenye keria, uso kwa uso na malori, akiwakazia macho madereva mmoja baada ya mwingine. Atakayeniua, alisema, nitamwona sura.

Waendesha baiskeli wenzake waliokuwa upande wao halali walikutana naye pua kwa pua, wakalazimika kukwepea katikati ya barabara huku wakimtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika. Siku moja askari wa usalama barabarani alimsimamisha akamweleza kwa upole kwamba baiskeli ni chombo cha usafiri kama vingine, kinashika kushoto, na kwamba dereva anayetoka barabara ya pembeni haangalii upande ambao hategemei kitu kitokee. Methusela alisikiliza, akashukuru, akaendelea na safari yake upande ule ule, akijiuliza kama sheria hiyo ilitungwa na wenye baiskeli au na wenye magari. Na kwa kuwa miaka ilipita bila yeye kupatwa na lolote, alizidi kujiona mjuzi. Hilo ndilo lililomharibu. Mtu akikosea na asiumie, nani atamwambia kitu?

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Jackline. Binti alipofaulu kwenda sekondari, akapangiwa shule iliyoko upande wa pili wa mji, mbali kwa miguu, hasa asubuhi za baridi. Wasichana wawili watatu wa mtaani kwao walianza kwenda kwa miguu, wakachoka, wakaacha shule. Methusela hakutaka hilo limpate Jackline, akamtafutia baiskeli. Lakini kabla hajamruhusu kutoka nayo, alimfundisha kwenye kiwanja cha kanisa jioni baada ya jioni. Kulia, mwanangu. Tazama mbele, umwone anayekuja. Kisha akampa na onyo: siku atakayosikia amepita kushoto, baiskeli itauzwa, na shule ataijua kwa miguu yake.

Na kusikia angesikia, maana aliwageuza wateja wake kuwa walinzi. Migahawa ya chai aliyoipelekea maziwa ilijipanga kando ya barabara kutoka nyumbani kwake hadi karibu na kituo cha mafuta. Kila asubuhi aliuliza: binti yangu kapita? Upande gani? Lukresia, mama wa mgahawa wa mwisho, alimjibu kwamba kapita upande wa ajabu, kama baba yake. Methusela aliridhika.

Halafu siku moja Jackline alirudi amechubuka goti, na ringi la mbele la baiskeli linacheza. Alisema aliteleza kwenye kokoto. Baba yake aliichukua baiskeli akaipeleka kwenye mwanga, akaikagua kama anavyokagua maziwa ya mtu asiyemjua. Ringi lilikuwa limepinda likanyooshwa. Spoku kadhaa zilikuwa mpya, zinang'aa katikati ya nyingine zenye kutu. Tangu lini kokoto zikafunga spoku?

Akamwuliza nani katengeneza. Fundi tu, alijibu Jackline. Fundi gani? Wa huko mjini. Kesho yake Methusela alizunguka kwa mafundi baiskeli wote anaowajua, na kila mmoja alikataa kumwona binti huyo. Sasa hakulala vizuri. Mtoto anadanganya, na mtoto hadanganyi kwa ajili ya spoku.

Ni Lukresia aliyeumwagia mafuta moto huo, kwa maneno ambayo labda hayakuwa na ubaya, labda yalikuwa nao. Alisema, akiwa anakoroga chai bila kuinua macho, kwamba kuna kijana wa bodaboda, Remmy, ambaye asubuhi zote husimama mbele kidogo ya kituo cha mafuta, na Jackline akifika, kijana hushuka kwenye pikipiki akamfuata.

Mzazi wa mwanafunzi wa kike hahitaji kumaliziwa hadithi ya namna hiyo. Lifti leo, chipsi kesho, na kesho kutwa shule imekwisha na mtoto ana mjukuu wako tumboni. Methusela alianza kukagua begi la Jackline, akinusa madaftari, akitikisa soksi. Alimtazama anavyokula na anavyonyamaza, na vyote viwili vikamtia shaka. Elina alichoka kuona hayo. Akamwambia amwulize mtoto, wakae wote watatu, aulizwe aseme.

"Mwizi haulizwi kama kaiba," alisema Methusela.

"Huyu ni mwanao, Baba Jackline, si mwizi."

Hakumsikiliza. Asubuhi iliyofuata alimwambia binti yake kwamba anawahi maziwa kwa wafugaji wa Mtwango. Kisha akapita njia za nyuma ya nyumba kwa baiskeli yake, akatokea mjini mbele ya kituo cha mafuta, akajificha nyuma ya mirundo ya mbao iliyokuwa ng'ambo, upande wa kushoto. Alikuwa na pampu ya baiskeli mkononi. Hakujua ataifanyia nini, ila aliishika kama rungu.

Remmy alikuwapo kweli, upande wa kulia, ameegemea pikipiki yake na kizibao cha njano kifuani. Jackline akaja, upande wa kulia kama alivyofundishwa, koti la sweta limefungwa mpaka shingoni. Alishuka. Kijana akasogea. Methusela alihisi damu inampanda kichwani na akasema moyoni, haya, sasa.

Lakini hawakushikana hata mikono. Jackline aliinamisha kichwa kumsalimia, kama mtu anayemsalimia kaka mkubwa, akageuza baiskeli yake kuielekeza ng'ambo. Remmy akaingia barabarani mbele yake, akaangalia juu, akaangalia chini, akainua mkono. Lori lililokuwa likitokea mjini likapunguza mwendo, likasimama. Upande wa pili barabara ilikuwa wazi. Kijana akampungia binti apite, naye akaanza kuvuka, akisukuma baiskeli, taratibu, kama mtu anayejua kazi hiyo.

Methusela hakuelewa alichokiona. Alielewa kitu kimoja tu, kwamba binti yake anakwenda upande wa kushoto. Akatoka nyuma ya mbao akasimama wazi kando ya barabara, pampu mkononi, na uso wake bado ule ule wa mtu aliyekuja kufumania.

Jackline aliinua macho akamwona.

Alikuwa amekwisha kupita katikati. Hatua chache tu, na angekuwa salama. Badala yake aligeuza baiskeli na kukimbilia alikotoka, kulia, mbele ya lori ambalo dereva wake, kwa kuwa alimwona mtoto amepita, alikuwa amekwisha kuliondoa. Breki zililia. Remmy alimrukia binti akamvuta kwa sweta, wakaanguka wote wawili kando, na baiskeli ikabaki chini ya tairi la mbele, ikavunjika kwa sauti ndogo kuliko mtu angetegemea.

Methusela alivuka barabara bila kuangalia mbele wala nyuma. Alipiga magoti, akamshika binti yake kichwa, mikono, miguu, akatafuta damu. Hapakuwa na damu zaidi ya viganja vilivyochubuka. Dereva wa lori alikuwa ameshuka, anaapa kwa wote kwamba alimwona amepita, alimwona kabisa.

"Ulikuwa umeshavuka," alisema Methusela. "Kwa nini umerudi?"

"Nilikuona wewe, baba."

Yaliyobaki aliyasema Remmy, akiwa anajipangusa vumbi, maana binti hakuweza tena. Shuleni, mwalimu wa zamu husimama getini, na mwanafunzi anayefika akiendesha upande usio wake hurudishwa nyumbani. Kwa hiyo Jackline alipita kulia mpaka mwisho wa migahawa ya wateja wa baba yake, hapo akavuka kwenda kushoto ili aingie shule, na jioni akavuka tena ili arudi nyumbani. Kila siku ya masomo alikatiza barabara kuu ya malori mara mbili, asiwakosee watu wawili, baba na mwalimu. Siku ile ya goti alivuka bila kugeuka nyuma, kwa sababu alikuwa amefundishwa kutazama mbele tu, na Remmy aliyekuwa akitokea nyuma yake na abiria akamgonga. Yeye ndiye aliyemnunulia spoku na kunyoosha ringi. Tangu hapo aliogopa kumwacha avuke peke yake.

"Nilimwambia akuambie, mzee," alisema. "Alinisihi nisikutafute. Kuhusu magari hakuwa na neno. Alikuwa anakuogopa wewe."

Methusela alitaka kumshukuru kijana huyo. Lakini aliona aibu mbele yake, na aibu zaidi kwa sababu ya pampu, ambayo bado alikuwa ameishika. Aliilaza chini. Watu walikuwa wamejaa, kila mmoja na lake, na wengine wakimlaumu Remmy kwa kuwa alivaa kizibao cha bodaboda na alikuwa karibu. Methusela aliwaambia wamwache, kosa si lake. Hakusema ni la nani. Moyoni alilijua, na lilimuuma kuliko angegongwa yeye.

Dereva wa lori alisaidia kuchomoa mabaki ya baiskeli na kuyaweka kando. Methusela akaenda kuchukua baiskeli yake nyuma ya mbao, akaivusha, safari hii akitazama pande zote. Alipangusa keria kwa kiganja akamwambia Jackline apande, atampeleka shule mwenyewe, atazungumza na mwalimu kuhusu kuchelewa. Binti akapanda. Mikono yake ilishika kiti, haikumshika baba yake.

Pale pale kando ya barabara Methusela alisimama, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedeli, malori yakipita kushoto na kulia. Hakutaka kuamua tena. Akageuka akamwuliza binti yake, kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza tangu amzae alimwuliza bila kuwa na jibu lake mfukoni.

"Jackline, tupite upande gani?"

Jackline alimtazama. Alimtazama usoni kwa makini, macho, mdomo, halafu macho tena, akitafuta mtego uko wapi.