Kupanda kwa Mguu wa Kushoto

Ngazi za mtaani kwetu, huku mlimani Freetown, zina vidato mia moja kumi na vinane, kutoka bombani hadi msikitini. Nyumba ya Ya Posseh Bangura inapakana na msikiti, na yangu inapakana na yake. Tunamwita Ya, yaani mama, hata sisi tuliomkaribia umri. Kila alichokula kwa miaka arobaini na mmoja, mchele, mawese, hata chumvi, kilipandishwa na magoti yake mawili.

Mwaka huu mvua zilipoanza, goti la kulia lilimkatalia. Alikuwa na beseni la maji kichwani, kafika kama kidato cha sitini, goti likajikunja. Beseni likaporomoka likigonga kila kidato. Yeye aliketi pale pale, kalowa chapachapa, akasema, "Alhamdulillahi, ni maji tu." Lakini hakuinuka mpaka tulipomshika.

Mwanawe Santigie akaja kutoka Makeni. Ni mtoto mwema, hilo nalisema mbele ya Mungu.

"Ya, twende zetu. Kwangu hakuna kidato hata kimoja."

"Na msikiti nani ataufagia?"

"Wapo wenye miguu."

"Na mimi ninayo miwili. Au hukuiona?"

Walibishana hadi kisamvu kikapoa sahanini. Mwisho wakapatana. Santigie angerudi baada ya wiki sita, siku ya Jumamosi. Mama akipanda kutoka bombani hadi mlangoni pake bila kushikwa na mtu, atabaki. Akishikwa, atafunga mizigo.

Nilimsindikiza kliniki, kwa bwana mmoja anayenyoosha viungo, jina lake Sorie. Chumbani mwake kuna ngazi ndogo ya mbao, vidato vitatu tu. Akamwambia apande. Ya Posseh akatanguliza mguu wa kulia, akauleta wa kushoto kando yake, kisha wa kulia tena. Uso ulimkunjamana.

"Ya, linauma lipi?"

"Hili la kulia."

"Mbona ndilo unalolitanguliza kila kidato?"

Akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula kwa mkono wa kulia. "Kwa sababu ni la kulia, mwanangu. Zile ngazi zinakwenda msikitini. Mama yangu alinifundisha kwamba njia ya msikiti inaanzia kidato cha kwanza."

Hata mimi ndivyo ninavyopanda.

Sorie hakucheka. Alichuchumaa, akamwomba aweke kiganja chake juu kidogo ya goti. "Sasa panda. Umesikia nyama inavyokaza? Mguu unaotangulia ndio unaouinua mwili wote. Wa nyuma unafuata tu kama mgeni. Ukishuka ni kinyume: unaobaki juu ndio unaokuteremsha polepole. Wewe Ya umemkabidhi mgonjwa kazi ya kumbeba mzima."

"Kwa hiyo nimwendee Mungu kwa kushoto?"

"Panda kwa kushoto, shuka kwa kulia. Ukifika mlangoni mwa msikiti, ingia kwa kulia kama siku zote. Ngazi si mlango, Ya. Mimi pia naswali."

Wiki sita zile zilimchosha kuliko kubeba maji. Wiki ya kwanza mguu wa kulia ulijiendea wenyewe, naye alirudi kidato kimoja chini akaanza upya, akiomba msamaha kimoyomoyo. Tena Sorie alimwagiza akae kitini na kuinuka bila kutumia mikono, mara kumi kila asubuhi. Nilimsikia ng'ambo ya ukuta akihema. "Nimechoka hata kabla ya uji," aliniambia.

Jumamosi ikafika. Santigie alisimama bombani asubuhi, saa ya maji. Ya Posseh akasema bismillahi, akatanguliza kushoto. Kulia kukafuata, miguu ikakutana, akavuta pumzi. Kushoto tena. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nyuma yangu wanawake wenye mabeseni.

Ngazi zetu ni nyembamba, ukuta huku, mfereji kule, na kwetu mdogo hampiti mkubwa ngazini. Ukimkuta mbele, unangoja. Lakini kungoja na beseni kichwani ni adhabu. Ukitembea, kiuno na shingo hupata mwendo wao, mzigo ukaenda nawe. Ukisimama, wote unakukalia shingoni. Tulipofika kidato cha thelathini, nyuma yangu walikuwa tisa.

"Nani huko mbele?" akauliza Yeanoh, binti wa muuza uji, ambaye mdomo wake haupumziki.

"Ya Posseh."

"Basi tutafika Ramadhani."

Wakacheka. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe Ya, ni shingo iliyosema."

Ya Posseh alikuwa amesikia. Kwenye kidato cha hamsini aliweka mkono ukutani, akageuka. Maji yalitikisika mabesenini, yakiwachuruzika usoni. Goti lake lilikuwa linamtii, angefika. Ila kila asubuhi shingo hizi ndizo zingelipia kufika kwake.

"Ya, nikushike?" Santigie akaita kutoka chini.

Mama akakaza mgongo ukutani, akavuta tumbo ndani. "Nipiteni."

Hakuna aliyesogea. Kwetu anayepitwa ngazini ni mtoto au mgonjwa.

"Tunaweza kungoja, Ya," akasema Yeanoh.

"Shingo yako imeshasema. Piteni. Nimetoa ruhusa, leo na siku zote. Mwambie na mama yako."

Nilijibana kando yake, wakapita mmoja mmoja. Vichwa havikuweza kuinama, basi walikunja magoti kidogo. "Nisamehe, Ya." "Nenda." "Nisamehe, Ya." "Nenda, mwanangu." Wote tisa aliwajibu. Wa mwisho alipopita, alijipangusa macho kwa ncha ya kilemba.

Kisha mguu wa kushoto. Bado vidato sitini na vinane. Santigie alipanda nyuma yetu, mikono ameifunga mgongoni, hakumgusa. Mlangoni pake mama akajitupa kizingitini.

"Umeshinda, Ya," akasema Santigie.

"Nimefika tu. Niletee maji ya kunywa, halafu uende, usije ukakosa gari la Makeni."

Adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa bado ameketi pale. Nilimwona akiushika mguu wa kulia kwa mikono miwili, akiuweka sawa, ajaribu kusimama, aingie nao msikitini.