Sikio la Ooko na Injini ya Nyang'ande

Laban Ooko alijulikana kwa kusikiliza, si kwa kusema. Harusini alikaa karibu na mlango. Kanisani alifungua mdomo wakati wa nyimbo, lakini aliyekaa ubavuni mwake hakusikia kitu. Ila mpeleke mbele ya injini ya dizeli, hata zile kuukuu za silinda moja zinazosaga mahindi vijijini, utaona mtu mwingine. Huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho. Kisha hutoa neno moja au mawili. "Ringi." "Nozeli." "Maji yameingia." Ukiifungua, unakuta neno hilo limekaa humo ndani likikungoja.

Alitoka shule darasa la nane. Mengine yote aliyapata katika karakana ya Nyamasaria, ambako alikuwa ameshika spana kwa miaka ishirini na sita.

Tangu WhatsApp ifike mashambani, wenye mashine za kusaga waliacha kumtumia nauli. Walimtumia sauti. Ooko aliwafundisha namna: simu usiishike mkononi, mkono unatetemeka, iweke juu ya debe la mahindi, hatua mbili kutoka kwenye injini, anza kurekodi injini ikiwa baridi, maana ikishapata moto inajificha. Hayo ndiyo yaliyokuwa maelezo marefu kuliko yote aliyowahi kutoa, na watu waliyashika kama amri za Musa. Ujumbe uliingia kutoka Ahero, Kombewa, Kendu Bay. Jioni Ooko alikaa mezani na simu yake, nyumba nzima ikinguruma.

"Baba Gordon," mkewe Lorine alimwambia siku moja, "tunakula ugali na pistoni. Hata wageni sasa wanajua ringi zikikwisha zinalia vipi. Yawa, tuhurumie."

Akamnunulia hedifoni sokoni Kibuye, kubwa, za kufunika masikio yote mawili. Ooko alifurahi, ila alipozivaa sauti ilikuwa nyembamba, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya mkebe. Hakutaka kumvunja moyo Lorine. Akasema ni nzuri, kisha akaanza kuitafuta dawa yake kimya kimya.

Simu yake aliiweka kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza cha simu kilimchosha. Akapita mipangilio yote, ukurasa baada ya ukurasa, hadi akafika mahali palipoandikwa Sauti, na chini yake, Kisawazishi. Palikuwa na orodha: Kawaida, Pop, Roki, Jazi, Besi, Sauti ya Mtu. Akaweka wimbo wa benga akaanza kujaribu moja moja. Roki ilimpigia kelele. Jazi haikumwambia kitu. Alipogusa Besi, alinyanyua nyusi. Gitaa zito lililokuwa limepotea likarudi, ngoma ikamgonga kifuani. Hedifoni za bei ya sokoni zikawa kama spika za ukumbini. Akaiacha hapo hapo kwenye Besi, akalala akiwa ameridhika.

Kitu ambacho hakukifikiria ni kwamba mpangilio ule haukushika benga peke yake. Ulishika kila sauti iliyopita kwenye hedifoni.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, sauti iliingia kutoka Nyang'ande. Mtumaji alikuwa Mama Winny, mjane mwenye mashine pekee ya kusaga upande ule wa ziwa. "Baba, kuna kitu kinagonga. Niambie."

Ooko akavaa hedifoni, akafumba macho. Gu, gu, gu, gu. Kishindo kizito, cha chini, katika kila pigo la injini. Akarudia mara tatu. Kisha akaandika: "Beringi ya chini imekwisha. Zima. Usiwashe tena."

Mama Winny akazima. Kwa kuwa Ooko alikuwa amefungwa na kazi nyingine wiki hiyo, yeye mwenyewe alimwita Simiyu, fundi wa Mamboleo, aende Nyang'ande Alhamisi asubuhi kuifungua injini.

Jumatano alasiri Ooko alimaliza kazi yake pale Nyamasaria. Ilikuwa injini aliyoijenga upya kwa mikono yake, na beringi zake zilikuwa mpya, zilitoka kwenye boksi akiziona. Akaiwasha, akairekodi ili amtumie mwenye injini ajue imepona. Kabla ya kutuma akavaa hedifoni asikilize kidogo.

Gu, gu, gu, gu.

Akaivua hedifoni, akachukua bisibisi, akaegemeza sikio. Injini ilikuwa safi. Akacheza ile rekodi kwa spika ya simu bila hedifoni. Safi. Akavaa hedifoni tena. Kishindo kikarudi.

Ooko alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kama hata injini isiyo na kasoro inagonga ndani ya hedifoni, basi kishindo hakiko kwenye injini. Akaufungua tena ule ukurasa wa Kisawazishi, akaitazama Besi iliyowekewa alama, akaelewa alichokuwa amefanya. Akagusa Kawaida. Kishindo kikatoweka.

Akaitafuta sauti ya Mama Winny. Kwenye Kawaida ilikuwa mbali na yenye vumbi, lakini ule uzito haukuwepo tena. Kulikuwa na kitu kingine kidogo, hakushika ni nini. Akajaribu moja moja, safari hii si kwa utamu bali kwa ukweli. Alipofika kwenye Sauti ya Mtu, mngurumo wa ekzosi ulirudi nyuma kama mtu aliyeombwa apishe njia, na mbele yake kikasimama kitu kikavu, chepesi: ta. Tu-tu-tu-ta. Tu-tu-tu-ta. Mlio mmoja kwa kila mapigo matatu.

Beringi iliyokufa haipumziki. Hugonga kila injini inapozunguka. Kinachogonga mara moja kwa mapigo matatu ni kitu kinachozunguka polepole kuliko injini. Na kwenye mashine ya kusaga, kitu hicho ni kimoja tu: ule mkanda mrefu unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kinu. Kiungo chake cha chuma kimeinuka, kinapiga puli, lile gurudumu la mkanda, kila kinapopita. Kazi ya nyundo na dakika kumi. Naye amemwambia mjane kwamba injini yake imekufa.

Akapiga simu. Simu ya Mama Winny ilikuwa imezimwa. Ndipo alipokumbuka kwamba kijiji kile kilichaji simu kwenye dainamo ya mashine hiyo hiyo. Kwa kumwambia azime, Ooko mwenyewe ndiye aliyemnyamazisha.

Akampigia Simiyu.

"Omera Ooko! Leo umepiga simu? Nani amekufa?"

"Ile injini ya Nyang'ande. Usiifungue. Ni nzima."

"Jana imekufa, leo imefufuka? Wacha hizo. Kazi umenipa, sasa unaionea wivu."

"Si wivu. Gasketi ya injini ile haipatikani tena. Ukinyanyua kichwa cha injini tu, gasketi itapasuka, na hapo ndipo injini itakufa kweli."

"Basi njoo useme hivyo mbele ya mwenye mashine," Simiyu akasema akicheka. "Mimi siwezi kumwambia mama wa watu kwamba fundi mkubwa amebadilisha mawazo. Njoo mwenyewe, useme kwa mdomo wako."

Simu ikakatika. Ooko akairudisha mfukoni. Kusema kwa mdomo wake, mbele ya watu. Simiyu alijua mahali pa kumbana.

Alhamisi kulipopambazuka, Lorine alimkuta akifunga nyundo kwenye baiskeli.

"Utaenda kusema nini?"

"Kwamba nimekosea."

"Wewe? Mbele ya wanawake wa Nyang'ande?" Akamtazama vizuri, akaona hakuna mzaha. "Basi kunywa chai kwanza. Aibu haibebwi na tumbo tupu."

Mvua ilikuwa imenyesha. Kutoka Rabuor kushuka ziwani, tope jeusi la nyanda za Kano lilijaa kwenye magurudumu hadi yakakataa kuzunguka. Ooko alishuka, akalikwangua kwa kijiti, akapanda. Baada ya mita mia moja likajaa tena. Mwishowe aliibeba baiskeli begani kama mtu anayebeba mbuzi, akaendelea kwa miguu. Kote njiani alikuwa akifanya mazoezi ya maneno manne: Nilikosea. Injini ni nzima. Kila aliporudia yalikauka mdomoni.

Alifika saa tatu kasorobo. Kibanda cha mashine kilikuwa kimezungukwa na wanawake kumi na zaidi, kila mmoja na mfuko wake, maana habari ilienea kwamba Alhamisi fundi anakuja. Simiyu alikuwa ametandika gunia chini, spana zimepangwa kwa ukubwa. Maji ya injini yalikuwa yameshamwagwa. Nati mbili za kichwa cha injini zilikuwa zimelegezwa, na spana ilikuwa kwenye ya tatu.

"Ngoja," Ooko akasema.

Hakuna aliyesikia. Akavuta pumzi.

"Ngoja!"

Wote wakageuka. Mama Winny, mwanamke mrefu mwenye leso kiunoni, akamtazama kuanzia miguu yenye tope hadi uso.

"Baba, umekuja kuona mazishi?"

"Nimekuja kusema." Sauti ilitaka kumkimbia, akaishika. "Nilikosea. Injini ni nzima. Ni mkanda unaogonga."

Kisha Simiyu akapiga kofi kwenye paja. "Mmesikia? Jumanne daktari ameandika cheti cha kifo, leo anasema mgonjwa ana kikohozi!"

Wanawake wakacheka. Ooko masikio yakamwaka moto, lakini hakurudi nyuma hata hatua.

"Ulisikilizaje Jumanne?" Mama Winny aliuliza. Yeye hakucheka.

"Nilikuwa nimeweka simu ipige besi, kwa ajili ya benga. Ikaninenepeshea kila kitu."

"Kwa hiyo ni simu iliyokosea."

Huo ulikuwa mlango wa kutorokea, na ulikuwa wazi. Ooko aliuona. "Hapana," akasema. "Simu ilifanya nilichoiambia. Nilipaswa kuangalia kabla ya kukuzimishia mashine."

Akampa hedifoni. Kwanza alimsikilizisha rekodi yake kwa Besi, kisha akabadilisha iwe Sauti ya Mtu. Mama Winny aliinamisha kichwa, kidole kikaanza kupiga hewani chenyewe: kimya, kimya, kimya, pale. Akaivua, akampa Simiyu. Simiyu aliivaa huku bado anatabasamu. Tabasamu likaisha taratibu.

"Ta," akasema Simiyu, kwa sauti ya chini. "Ni ya mkanda hii." Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi na si adui, akazirudisha nati mbili mahali pake, akazikaza zamu kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, na kumimina maji.

Walivua mkanda kwanza. Ooko akazungusha mpini wa kuwashia, injini ikakohoa, ikashika. Akaegemeza bisibisi, akafumba macho. Wanawake walinyamaza kama wako kwenye maombi. Alipofungua macho alitikisa kichwa tu: hakuna kishindo. Kiungo cha mkanda walikikuta kimeinuka upande mmoja, kimechonga alama inayong'aa kwenye puli. Nyundo ikafanya kazi yake. Mkanda ukarudishwa, mashine ikaanza kuzunguka bila ule mlio.

Ooko alidhani yameisha. Mama Winny alisimama mbele yake.

"Siku mbili," akasema. "Siku mbili hawa wamebeba mahindi kichwani hadi Rabuor. Mwenzao Min Lornah pale ameteleza kwenye tope, nusu ya mfuko ikamwagika. Mimi nimekusikia. Wao waambie wewe."

Hapakuwa na mlango karibu wa kukaa pembeni yake. Ooko alivua kofia, akawageukia.

"Niliwazimishia mashine bila sababu," akasema, kwa nguvu ya kushinda injini. "Mnisamehe."

"Haya!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Kumbe Ooko ana koo!"

"Tumesamehe, lakini mfuko wangu unasagwa wa kwanza," akasema Min Lornah, naye alikuwa ameshausukuma hadi kwenye mdomo wa kinu.

Unga ulianza kushuka, wa moto. Simiyu alijisogeza karibu na Ooko, simu yake mkononi, akiangalia pembeni kama mtu anayeulizia njia ya choo.

"Hiyo ya Sauti ya Mtu... kwangu iko wapi?"

Ooko akamwonyesha. Na alipokuwa akipitisha kidole kwenye kioo cha mwenzake, mkono ulisimama. Wiki tatu. Katika wiki tatu zile za Besi, hakusikiliza injini moja tu. Akaishika simu yake, akarudi nyuma kwenye ujumbe mmoja baada ya mwingine. Nozeli, sawa. Maji yameingia, sawa. Hizo hazikuwa za kugonga. Kisha akaufikia wa Oyugi wa Ahero, wa siku kumi na mbili nyuma: "Shafti inagonga. Itafute nyingine."

Akapiga papo hapo, mbele ya watu wote.

"Oyugi, ile injini, umeshaifungua?"

"Bado. Shafti yenyewe natafuta mpaka leo. Kwani?"

"Usiiguse. Inawezekana nilikosea. Nakuja kuisikiliza mwenyewe."

"Leo? Na hili tope?"

"Leo," Ooko akasema.

Akakwangua magurudumu yote mawili mpaka yakazunguka, akamuuliza Mama Winny njia ya kufika Ahero isiyopita mashamba ya mpunga, akaondoka.